Nani Humfungulia Bata Bukini Mlango?

Tarehe 3 Februari

Mpwa wangu mpenzi,

Amani ya Mwenyezi Mungu na rehema zake zikufikie hapo ulipo, wewe na wote mnaofanya kazi chini ya paa moja. Baada ya salamu, napenda ujue kwamba sisi sote tu wazima, ila goti langu la kushoto, ambalo siku hizi hudai heshima yake kila ninapoinuka kutoka kwenye sijida. Mkaza mjomba wako anakusalimu sana. Anasema sauti yako redioni imekuwa nene, na anataka kujua kama unakula au unashindia chai. Paa la chuo changu cha Kurani limezibwa, na wanafunzi wangu wamepoteza kisingizio walichokipenda kila mvua inyeshapo.

Mama yako ni mzima. Cherehani yake inalia tangu asubuhi hadi jioni, na mtaa bado unamwita Mama Mkasi, nusu kwa ajili ya ufundi wake na nusu kwa ajili ya ulimi wake. Kuhusu lile jambo, hali ni ile ile. Siku ulipoacha ushonaji aliokufundisha ukaenda kufanya kazi ya redio, na yeye akaapa mlangoni, mtaa mzima ukisikia, kwamba hatasema nawe mpaka urudi ukiri kuwa umekosa, nilidhani ni hasira ya juma moja. Huu ni mwaka wa nne. Wewe hukiri, yeye hasemi, nami nazeeka katikati yenu.

Sasa niingie katika lililonifanya nishike kalamu. Katika kipindi chako cha Vioja vya Dunia ulisoma habari ya bata bukini wa nchi ya mbali ambaye kila asubuhi hupanda basi la mjini, husimama karibu na dereva, hushuka kituo cha sokoni, na jioni hurudi kwa basi lile lile. Watu walicheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, mpaka kilemba kikalegea. Lakini limeulizwa swali: nani humfungulia mlango asubuhi? Ndege mwenye mazoea ana mwenyewe. Na mwenyewe huyo, je, anajua bata wake aendako, au hajui? Ukipata jibu, usituache gizani.

Akuombeaye heri,
Mjomba wako


Tarehe 27 Februari

Mjomba wangu mheshimiwa,

Shikamoo. Nimeipokea barua yako kwa mikono miwili, nikamshukuru Mungu kwa afya zenu na kumwombea goti lako unafuu. Mwambie mkaza mjomba kwamba nakula vizuri. Unene wa sauti ni wa kipaza sauti. Chumba tunachosomea kimebandikwa makasha ya mayai ukutani ili sauti isirudi, na feni huzimwa kipindi kinapoanza, hivyo natoka humo nimelowa kama niliyenyeshewa. Wenzangu wananiita Bibi Vioja. Mhariri wetu, ambaye kila siku hupigiwa simu na wakubwa waliokasirika, huniambia, "Wewe umebahatika, dada. Habari zako hazina mwenyewe wa kununa."

Swali lako limenifanya nione aibu. Habari hizi hutufikia katika vipande vya karatasi vya mistari minne au mitano. Nasoma, watu wanacheka, karatasi inatupwa. Sikuwahi kujiuliza mlango unafunguliwa na nani. Nilimwandikia mwenzangu wa shirika la habari. Alinicheka kwanza, kisha akaulizia huko. Jibu ni hili: yupo fundi mzee wa baiskeli, mjane, aishiye peke yake. Ndiye afunguaye. Alipoulizwa kama anajua bata wake huenda wapi, akajibu, "Najua. Dereva huniambia kila kitu. Ila bata hajui kwamba najua."

Lakini mjomba, wewe tangu nikujue hukuwahi kuuliza habari ya ndege asiyetajwa katika vitabu vyako. Nani aliyeuliza?

Kuhusu lile jambo: sikutoroka. Niliaga, nikambusu mama mkono, nikaondoka mchana kweupe. Nikikiri kosa nisilolitenda, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba kitendo hicho huitwa uongo.

Mimi mpwa wako mtiifu


Tarehe 11 Aprili

Mpwa wangu mpenzi,

Nakusalimu kwa salamu njema. Usihesabu kuchelewa kwangu kuwa ni kusahau. Goti limepata nafuu, na sasa ni zamu ya jino. Mkaza mjomba wako amefuga kuku watano, na wanne kati yao wamechagua kulala chini ya kitanda changu. Mama yako ni mzima na ana kazi nyingi.

Jibu lako la bata nililifikisha kwa aliyeuliza. Akasema, "Mzee yule ana akili," akaendelea na shughuli zake. Wataka kujua ni nani. Niliahidi kutosema, na mimi si mtu wa kuvunja ahadi katika umri huu. Sikudanganyi, mpwa wangu, ninakuficha. Mambo hayo mawili hufanana sura, lakini hayakuzaliwa nyumba moja.

Juma lililopita ulisoma habari ya mwizi wa nchi moja ya baridi aliyevunja duka la vitambaa, akachoka, akalala juu ya marobota mpaka kukacha. Mwenye duka akamkuta, akamfunika blanketi, akaenda kununua mkate, ndipo akawaita polisi, nao wakafika wakamkuta bado anakoroma. Hapa kwetu mtu mmoja alicheka hadi akalazimika kutoka nje.

Limeulizwa: kilikuwa kitambaa gani? Kama ni sufu, inaeleweka. Lakini kama ni pamba iliyotiwa wanga, hakuna binadamu awezaye kulala fofofo juu yake, na mwizi huyo alikuwa akijifanya. Tena limeulizwa: mwenye duka, baada ya kumaliza kustaajabu, alimtazama mwizi wake kama ana njaa?

Mungu akuhifadhi,
Mjomba wako


Tarehe 2 Mei

Mjomba wangu mheshimiwa,

Shikamoo, na pole kwa jino. Mimi ni mzima. Tumeletewa kipaza sauti kipya ambacho husikia hata mtu akimeza mate, kwa hiyo najifunza kumeza kwa adabu.

Kitambaa kilikuwa sufu nzito ya kushonea makoti, tena kilikuwa kimewasili siku ile ile, bado kina joto la gari. Mwizi hakujifanya. Na ndiyo, mwenye duka alimwachia nusu ya mkate kando ya kichwa. Polisi walimngoja amalize kula.

Sasa niruhusu, kwa heshima zote, niseme nilionalo. Siku ya harusi ya binamu ulitoka chumbani na kanzu uliyoivaa ndani nje, mishono yote ikiwatazama wageni, ukawa unapokea mikono ya watu mpaka mama akakushika begani, akakurudisha ndani. Wewe, mjomba, hujui pamba iliyotiwa wanga na isiyotiwa. Katika ukoo wetu wote ni mtu mmoja tu awezaye kumpima mtu usingizi kwa kitambaa alicholalia. Simtaji, maana umeahidi.

Ila mwambie huyo muulizaji maneno haya. Simu ya redio hutangazwa kila mwisho wa kipindi, nami ndiye nisomaye namba zake. Mhariri hunigombeza: "Mbona unazisoma polepole hivyo, kama unamsomea mtu aandike?" Naendelea kuzisoma vile vile.

Mpwa wako


Tarehe 20 Juni

Mpwa wangu mpenzi,

Salamu nyingi, na dua zaidi ya salamu. Jino limeng'olewa. Mmoja wa kuku wa chini ya kitanda ametotoa, nami nimekatazwa kuvuta miguu ninapoamka. Barua yako ya Mei nimeisoma mara nyingi kuliko ilivyostahili urefu wake. Kuhusu harusi ya binamu, kanzu ile ilikuwa nyeupe nje na ndani, na mtu yeyote angekosea.

Maneno yako kwa muulizaji niliyafikisha kama yalivyo, bila kupunguza. Niliambiwa, "Chai yako inapoa."

Sasa sikiliza. Ile habari yako ya ndugu wawili wa kijiji cha milimani, waliogombana kama dirisha lifunguliwe au lifungwe, wakachora mstari wa chaki katikati ya nyumba, wakaishi kila mmoja upande wake bila kusemezana hadi wakaota mvi, huku birika la maji likikaa juu ya mstari wakilitumia wote wawili: watu hapa walishika mbavu. Muulizaji hakucheka. Aliuliza, "Mstari ule, nani alikuwa akiufagia?" Sikuelewa. Akanieleza kama unavyomweleza mtoto: "Maalim, kila mmoja anafagia upande wake. Taka zote zinasukumwa mpaka kwenye mstari. Sasa pale penyewe, nani anapafagia?" Chakula cha jioni siku hiyo alikisogeza kando bila kukigusa.

Umeona kwamba naandika habari za kiapo waziwazi na za maswali kwa mafumbo. Kiapo nakitaja kwa sababu mtaa mzima ulikisikia. Mwenye swali simtaji kwa sababu nililisikia peke yangu. Na kwa kuwa kiapo ni cha wazi, nikueleze nilichomwambia aliyeapa, zaidi ya mara moja. Tulifundishwa kwamba mtu akiapa, kisha akaona lililo bora kuliko alichoapia, na alitende lililo bora na akitolee kafara kiapo chake. Kiapo cha kukata undugu hakina fahari ya kushikiliwa. Aliniambia, "Kitabu unakijua wewe. Binti namjua mimi."

Mjomba wako


Tarehe 15 Julai

Mjomba wangu mheshimiwa,

Shikamoo. Naandika leo bila utaratibu mzuri, nawe utanisamehe. Mimi ni mzima, kazi ni ile ile.

Jibu la mstari lilinifikia jana kutoka kwa mwenzangu. Hakuna aliyeufagia. Walipokuja jamaa zao kusafisha nyumba, ndugu mmoja akiwa amekwisha kufariki, walikuta pale katikati tuta la vumbi linalofika kwenye kifundo cha mguu, na chaki yenyewe haionekani tena. Yule aliyebaki aliwaomba wasiliondoe kwanza. Alitaka kulitazama.

Nililisoma jibu hilo nikiwa nimesimama kwenye ukumbi, na zilibaki dakika chache niingie hewani. Nilikuwa na habari ya mwisho kuhusu jogoo aliyeshtakiwa mahakamani kwa kuwika. Niliiweka mfukoni. Badala yake nilisoma hii, na kwa kuwa huenda jioni hiyo ulikuwa msikitini, nakunakilia:

"Na kioja chetu cha mwisho hakikutoka mbali. Katika mji mmoja yupo fundi wa nguo aliyeapa kwa hasira kwamba hatasema na binti yake, na kiapo amekishika barabara. Lakini kila jioni huiacha cherehani yake ya mkono, akasikiliza redio anayosomea binti huyo, kisha humtuma kaka yake, mtu mzima mwenye kilemba, aulize kwa barua nani humfungulia bata mlango. Binti naye anayo miguu na nauli, lakini hajaenda nyumbani, anangoja aitwe. Wasikilizaji, hadi tunaingia hewani, bado haijafahamika ni nani anayefagia mstari."

Mhariri aliningoja mlangoni. "Ile ya mwisho imetoka shirika gani?"

"Shirika la nyumbani," nikamjibu.

Akanitazama, akasema, "Basi hiyo ndiyo yenye mwenyewe wa kununa."

Mjomba, sijui kama nimeufungua mlango au nimeubomoa. Niandikie upesi, hata kama ni kwa kunikemea.

Mpwa wako


Tarehe 9 Agosti

Mpwa wangu,

Sikuwa msikitini. Nilikuwa nimeketi juu ya kibao katika kiwanda cha mama yako cha kushonea, na kiwanda kilijaa wateja.

Nianze na lililo wajibu wangu. Ulitenda vibaya. Mtu husitiriwa na watu wake, na wewe ulimvua mama yako stara mbele ya nchi nzima. Kwamba hukumtaja jina si udhuru. Hakuna mwanamke pale aliyehitaji jina, hasa ulipofika kwenye kilemba, maana wote walinigeukia mimi. Hilo nimelisema, na sitalirudia.

Sasa nikueleze yaliyotokea, kwa kuwa nimefunguliwa ahadi yangu. Mwenyewe alisema, "Mwandikie tu. Kwani bado kuna siri gani?"

Wateja walicheka, kisha wakaona uso wake, wakanyamaza mmoja mmoja. Mama yako alisimamisha cherehani. Akakata uzi. Akasema, "Muongo."

Jirani yake, yule muuza mkaa, akamuuliza, "Muongo wapi, Mama Mkasi? Mbona yote tunayaona hapa kila siku?"

"Cherehani ya mkono!" akasema. "Mimi nina cherehani ya mkono? Hii ni nini? Miguu yangu inacheza ngoma hapa chini? Na eti niliapa kwa hasira. Nani kamwambia niliapa kwa hasira? Mtu anasoma habari kwa nchi nzima na hajauliza hata mwenyewe!" Akanigeukia. "Maalim, mtu akisemwa uongo redioni, si ana haki ya kudai masahihisho?"

Nikasema anayo.

Akapitisha kidole kwenye ukingo wa meza. Kisha akaniuliza swali ambalo katika miaka yangu yote ya kusoma na kusomesha sijapata kuulizwa. "Kumpigia simu kudai masahihisho, kunahesabiwa kuwa ni kusema naye?"

Mpwa wangu, nilijaribiwa. Ningeweza kumtafutia njia nyembamba, kwamba anasema na redio, si na binti. Wanazuoni wepesi wa njia hizo wapo, na pengine ningewahi kuwapatanisha kabla ya magharibi. Lakini sikuweza. Nikamwambia, "Ni kusema naye. Ukifungua kinywa, kiapo kimekatika."

"Haya," akasema, na akaniomba nimpishe, kwani nilikuwa nimekalia kitambaa.

Kesho yake nilimkuta anakata nguo za watoto. Hakuna aliyeagiza. Keshokutwa yake anakata nyingine. Nilihesabu nilipoweza kuhesabu bila kuonekana, na zilipofika kumi aliacha. Wewe ulikuwa mvivu wa darasa langu, kwa hiyo nitakukumbusha: avunjaye kiapo huwalisha maskini kumi, au huwavisha. Na wapo waonao kwamba kafara yaweza kutangulia. Jana alizifunga katika shuka, akamwendea mwanamke anayelea yatima kule nyuma ya kisima, akarudi mikono mitupu. Akanikuta mlangoni.

"Unatazama nini?" akaniuliza.

Sikumuuliza neno. Nami nakusihi, ukimpata, usimuulize.

Mjomba wako


Tarehe 1 Septemba

Mjomba wangu mheshimiwa,

Shikamoo, na kwa mkaza mjomba shikamoo nyingine. Kemeo lako nimelipokea na nimelikubali lote. Sasa nikueleze yaliyotokea huku kwangu.

Alhamisi, kipindi kikiwa kimemalizika, dada wa simu alinijia ukumbini akiwa amefunika kinywa. "Kuna mama mkali kwenye laini. Anataka msomaji wa vioja. Nimemwambia aongee na mhariri, kasema mhariri hakumkosea."

Nilishika simu. Nilisikia mtu akipumua, na nyuma yake watu wengi waliojitahidi kunyamaza.

"Haloo," nikasema. "Redio hapa."

"Nina malalamiko."

"Karibu, mama. Sema, naandika."

"Cherehani ni ya mguu."

"Ya mguu. Nimeandika."

"Ile ya mkono ilikufa mwaka juzi. Ungekuwa unakuja, ungejua."

"Ningejua, mama."

"Na la pili. Sikuapa kwa hasira."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nikamuuliza, "Basi uliapa kwa nini?"

Nyuma yake nilisikia sauti yako, mjomba, ikiwaambia watu watoke nje, na vibao vikiburutwa, kisha mlango.

"Niliapa," akasema, "kwa sababu nilidhani utarudi kabla ya jioni."

Niliweka kalamu chini.

"Umeandika?"

"Bado, mama."

"Andika. Ila hilo usilisome."

Baada ya hapo tulisema mengine. Nilimwambia lile ambalo kwa miaka yote hii nilikataa kulisema, na halikuwa uongo tena, kwa kuwa nililisema kwa kosa nililolitenda kweli, kosa la kungoja. Yaliyobaki siyaandiki. Wewe kati ya watu wote unajua jinsi ya kuishi na jambo ulilolisikia peke yako.

Nimeomba ruhusa ya siku saba, na mhariri amenipa kumi. Tayarisha kibao chako kisogee kidogo pale kiwandani. Nitakuja kukaa karibu nawe.

Na kama goti au kuku walikuzuia kusikiliza Ijumaa, ujue kwamba masahihisho yalisomwa mwanzoni mwa kipindi, polepole, na yalikuwa moja tu: cherehani ni ya mguu.

Mpwa wako